Kustaafu na kuishi kwenye gari, Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila tunapoegesha, jiko halijawaka, mtu ameshafika kuuliza. Maswali ni yale yale Nungwi, Makunduchi, Mkoani au Konde, na wanaouliza zaidi ni watu wa rika letu: walimu, wauguzi, mabaharia na makarani waliomaliza kazi au wanaokaribia kumaliza. Tumeyakusanya hapa. Jambo likishaelezwa mara moja hatulirudii. 

## Mambo ya mwanzo

Gari la kulala ni gari gani hasa?

Ni gari lolote lenye kitanda, mahali pa kupikia, maji ya akiba na umeme wake wenyewe. Huko Marekani, ambako wastaafu wengi huishi hivi, yapo magari marefu kama basi, yenye bafu na sebule. Vipo pia viwanja maalumu vya kuegesha ambako mtu huchomeka umeme, huunga mpira wa maji na kumwaga maji machafu kwenye shimo lake. Hapa usitegemee kiwanja cha namna hiyo. Na gari refu litakusumbua mara tu ukiacha lami kuingia njia ya kijijini.

Hiace ya paa la juu inawatosha watu wawili. Coaster ina nafasi zaidi, lakini inakula mafuta, na kuigeuza kwenye njia ya dikoni, pale vyombo vya wavuvi vinapofikia, ni shughuli. Kazi ya ndani, ukiweza, mpe fundi wa mashua. Yeye anajua kuunga mbao itakayotikiswa kila siku isilegee, na anajua kutumia kila pembe. Kabati la nyumbani lililopigwa misumari hulegea mapema kwenye njia za mawe.

Kisiwa chenyewe kidogo. Kwa nini usirudi kwako ukalale?

Hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote. Unguja ina urefu wa kiasi cha kilomita 85, na Pemba kama 67. Ni kweli, hakuna kijiji ambacho huwezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na ndivyo wengi wetu tulivyoishi. Tulikwenda shamba kwa maziko, kwa harusi au kwa ziara ya kikazi, tukarudi mjini kabla ya magharibi. Mtu anafika miaka 60, mzaliwa wa hapa hapa, na hajawahi kuiona alfajiri ya Matemwe wala ya Micheweni.

Ukilala mahali, unaamka na watu wake. Wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, unawaona akinamama wa Paje na Jambiani wakishuka mwanini saa tatu au saa nne asubuhi, maji yakiwa yametoka mbali. Wengine wamo katika kazi hiyo tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza mwaka 1989, na wana mengi ya kusema kuhusu maji ya bahari yanavyozidi kuwa moto. Jioni unakaribishwa barzani. Mazungumzo ya baada ya isha si yale anayopewa mgeni wa mchana, na kwetu sisi hayo peke yake yanatosha kuwa sababu ya safari.

Mnaishi humo mwaka mzima?

Hapana, wala hatukushauri. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tunarudi nyumbani. Unyevu huingia kwenye magodoro, njia za udongo huharibika, na kukaa ndani ya chumba cha hatua nne huku mvua inanyesha kutwa kunachosha hata watu wanaopendana sana. Mvua za vuli, Oktoba hadi Disemba, zinavumilika kwa kuwa hukatika.

Usiuze nyumba ili ununue gari. Wajukuu wanahitaji mahali pa kukukuta Sikukuu, na siku mwili utakapokataa utahitaji kitanda kisichotembea.

Pensheni inatosha?

Inategemea uliacha kazi ukiwa nani, lakini maisha haya ni ya bei nafuu kuliko watu wanavyodhani. Masafa ni mafupi: kutoka Mjini hadi Nungwi hakufiki kilomita 70, na tukifika mahali tunakaa siku kadhaa bila kuwasha injini. Wanaolipwa na ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, hupanga mwezi wao kufuata siku ya malipo. Waliofika miaka 70 wana pia Pensheni Jamii, ambayo Serikali ya Mapinduzi iliianza Aprili 2016 kwa Sh 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaipandisha. Haiendeshi gari, lakini hununua samaki na unga.

Fedha huliwa na vitu vitatu: matairi, nauli ya gari kwenye meli ya Pemba, na kutu. Hewa ya chumvi haimwonei huruma mtu. Osha uvungu wa gari kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila utokapo pwani, na lipeleke kwa fundi apake rangi ya kuzuia kutu kabla hujaona madoa.

## Pa kuegesha na kulala

Naweza kuegesha popote palipo wazi?

Hakuna palipo wazi. Kila mnazi una mwenyewe, kila mkarafuu una mwenyewe, na kipande cha pwani unachokiona kitupu huenda ndipo watu wanapoanika dagaa au kupandisha ngalawa. Uliza kwanza.

Utaratibu wetu ni huu. Tunafika kijijini baada ya alasiri, tukiwa na mwanga wa kutosha. Tunasimama kwenye barza ya kwanza yenye wazee, tunashuka na kuamkia. Usiulize kupitia dirisha la gari. Anayeuliza akiwa amekaa, na wazee nao wamekaa, anaonekana ana haraka nao. Tunaeleza sisi ni nani na watoto wa nani, maana hapa mara nyingi hupatikana mtu anayemjua shangazi yako. Kisha tunaomba tuelekezwe kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, yaani eneo la kijiji au mtaa.

Mahali ambapo kwa kawaida hukubaliwa ni pembeni mwa uwanja wa skuli wakati wa likizo, karibu na msikiti lakini si mlangoni, na juu ya diko ambako wavuvi wanakesha. Usilale chini ya mnazi, hata upepo ukiwa mzuri namna gani. Nazi moja ikiangukia kioo cha mbele safari imekwisha. Usilale makaburini, na usizibe njia ya ng'ombe.

Sheha anataka nini hasa?

Anataka kujua nani amelala katika shehia yake. Mwoneshe Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, mwambie mtakaa siku ngapi na mmeegesha wapi, mwachie namba ya simu. Kama umekuja na mgeni kutoka Bara au nje ya nchi, mtaje mapema. Usimpe pesa kama hakuna ada rasmi. Ukitaka kumshukuru, mnywe chai pamoja.

Watu wa mjini huliona hili ni usumbufu. Sisi tumeliona ni ulinzi. Sheha akishajua, kijiji kizima kinajua, na usiku mtu akipita karibu na gari anapita akijua ni wazee wa fulani.

Tukae siku ngapi mahali pamoja?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaufuata msemo huu neno kwa neno. Ukitaka kuvuka siku mbili, tafuta la kufanya. Mwalimu mstaafu anaweza kuwasaidia watoto hesabu baada ya chuo cha Kurani. Fundi umeme anaweza kuangalia nyaya za msikiti. Muuguzi hatakosa watu wa kupima presha. Aliyestaafu amechoka na mwajiri tu, ujuzi wake angali nao. Ukiutoa, hutaulizwa tena unaondoka lini.

Maji ya bahari yakijaa usiku?

Swali zuri, na linawahusu hata wanaojua pwani. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, kwa hiyo ukijua tarehe ya Kiislamu umeshajua mengi: siku za mwanzo wa mwezi na zile zinazofuata tarehe 15 ndizo za hatari. Tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika kama mita nne. Na hapa kwetu maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alasiri na tena saa kumi za usiku, ambapo wewe umelala fofofo.

Tazama mstari wa mwani mkavu na takataka uliobaki mchangani. Egesha juu yake, tena juu kwa kuacha nafasi. Mchanga ulio mgumu saa nne asubuhi unaweza kuwa tope jioni. Wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hofu hiyo hupungua, lakini tabia usiibadilishe.

## Maji, umeme, jiko na choo

Mnatumia maji kiasi gani, na mnayapata wapi?

Lita 25 hadi 30 kwa siku kwa watu wawili, tukijibana bila kujitesa. Ya kunywa tunayaweka mbali kwenye madumu yake. Udhu watu hudhani unamaliza maji, kumbe ni bomba lililoachwa wazi linalomaliza. Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho hakifiki lita moja, na akakoga kwa pishi, yaani vibaba vinne. Tumia kopo lenye mdomo.

Jaza ukiwa ndani ya kisiwa, kabla hujashuka pwani ya mashariki. Kule ardhi ni ya maweni na visima vingi vina ladha ya chumvi. Kijiji kinachopokea maji kwa zamu usikiombe madumu kumi. Omba mawili, mengine kayatafute mbele.

Umeme je?

Paneli ya wati 200 juu ya paa, betri moja nzuri, basi. Hesabu yake ni rahisi. Siku ya jua la kawaida paneli hiyo hutoa kama wati-saa 700. Friji ndogo ya volti 12 hula karibu 500 kwa siku, taa na simu zisizidi 100. Betri ya asidi ya amp-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitumia zaidi ya nusu unaiua taratibu. Ya lithiamu ni ghali, ila unaweza kutumia karibu yote. Pasi, birika la umeme na jiko la umeme visahau.

Usining'inize waya kutoka nyumba ya mtu bila kuzungumza malipo. Umeme wa nyumbani hununuliwa kabla ya kutumika, na kila uniti unayochaji ni ya mwenyeji wako.

Mnapika kwa nini?

Mtungi mdogo wa gesi kwa chai ya asubuhi, seredani, yaani jiko la makaa, kwa chakula kikubwa. Seredani inawashwa nje na inabaki nje. Usiingize makaa ndani ya gari hata kama yanaonekana yamezimika, hata kama mvua inanyesha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba kidogo kilichofungwa hujaa upesi. Mtu hulala asiamke. Gesi nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hukaa sakafuni. Toboa tundu la hewa chini, karibu na mtungi, na funga mtungi kila baada ya kupika.

Vyakula ndivyo furaha yenyewe. Samaki tunanunua kwenye mnada dikoni. Tungule, mbatata, ndimu na nazi kwa jirani. Kama unaanzia mjini, jaza vikavu vyako Darajani au Mwanakwerekwe. Nenda na kikapu: Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na taka zako rudi nazo mpaka penye jaa.

Na choo?

Huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na akinamama, na ni haki yao kuuliza. Tuna choo cha kubeba chenye tangi la kufunga, na pazia. Kinatumika usiku na wakati wa dharura. Mchana tunatumia vyoo vya msikiti, vya skuli au vya mwenyeji, na tunaviacha safi kuliko tulivyovikuta. Tangi humwagwa kwenye choo cha shimo au cha maji kwa ruhusa tu.

Usimwage kichakani wala pwani. Ardhi ya maweni imejaa nyufa, na uchafu unaomwagwa juu yake hufika kisimani bila kuchujwa. Visiwa hivi vimeshazika watu kwa kipindupindu zaidi ya mara moja.

Joto na mbu mnavifanyaje?

Elekeza mlango kwenye upepo: kaskazi kuanzia Disemba mpaka Machi, kusi kuanzia Aprili. Weka wavu kwenye madirisha na chandarua juu ya kitanda. Malaria Zanzibar imepungua sana, lakini sababu mojawapo ni kwamba watu wanalala ndani ya chandarua. Ukipata homa nenda ukapimwe siku hiyo hiyo.

## Afya

Nina kisukari na presha. Naweza?

Wengi tunaowajua katika rika letu wanavyo vyote viwili. Muhimu ni dawa. Gari lililofungwa juani huzidi nyuzi 50, na dawa haivumilii hapo. Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8; iliyofunguliwa nyingi hudumu kama wiki nne nje ya friji ikiwa joto halipiti nyuzi 30, lakini soma karatasi ya dawa yako. Friji ikiharibika, funga dawa kwenye mfuko usioingia maji uuweke ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kivulini, penye upepo, huku ukitafuta kituo cha afya.

Chukua dawa za mwezi na wiki moja zaidi. Andika majina yake kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango, ili anayekukuta umezidiwa asihangaike. Jua hospitali iliyo karibu na kila kambi: Unguja zipo Mnazi Mmoja, Kivunge na Makunduchi, Pemba ipo ya Abdulla Mzee pale Mkoani, na nyingine Chake Chake, Wete na Micheweni. Na tembea. Kukaa kwenye kiti cha gari mchana kutwa huvimbisha miguu.

Hamgombani humo ndani?

Tunagombana. Kila mmoja awe na saa yake ya kuwa mbali na mwenzake: mmoja dikoni, mwingine kwa majirani.

## Ibada na mila

Tukiwa safarini tunaweza kukasiri, yaani kufupisha, sala?

Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa, masafa ni marhala mbili, kiasi cha kilomita 80 na ushei kwa kwenda. Mtu wa Mjini anayekwenda Nungwi au Makunduchi hayafiki. Anayevuka kwenda Pemba anayafika, lakini akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, anasali kama mkaazi. Mwenye safari ya kuhamahama ana mambo yake, basi muulize shekhe kabla hujaondoka.

Ramadhani mnasafiri?

Siku chache za mwanzo tu. Mchana hupiki nje wala huli hadharani, hata kama ugonjwa umekupa ruhusa ya kula. Pazia lipo kwa ajili hiyo. Ukialikwa futari, na utaalikwa, usiende mikono mitupu. Tende au mkate wa kumimina vinatosha.

## Kuvuka kwenda Pemba

Gari linavukaje, na barabara zikoje?

Kwa meli ya kubeba magari, kutoka Malindi hadi Mkoani. Weka nafasi mapema, pima urefu na kimo cha gari lako kabla ya kuulizwa, funga mtungi wa gesi na uwaambie wahusika kuwa upo. Wakati wa kusi bahari huchafuka. Kila kilicho kabatini kifungwe.

Pemba ni vilima na mabonde. Breki zako zikaguliwe kabla, na teremka kwa gia ndogo. Msimu wa karafuu utakuta majamvi yameanikwa kando ya barabara. Punguza mwendo, vumbi la tairi lako linaangukia mapato ya mtu. Ukifika kaskazini, pitia msitu wa Ngezi mpaka Vumawimbi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Kama una safari moja tu ya Pemba, ifanye hiyo.

Jirani ameniomba nimbebee gunia la karafuu mpaka Unguja.

Kataa kwa upole, na usibadilike. Karafuu huuzwa kwa ZSTC, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, na magendo yake ni kosa ambalo serikali haichezi nalo. Gari lenye makabati na uvungu wa kitanda ndilo litakalopekuliwa kwanza.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Nimefiwa na mwenzangu. Naweza kwenda peke yangu?

Unaweza, mwanamume au mwanamke. Anza na vijiji ulivyo na jamaa, egesha uani kwao, na mpigie mtu mmoja simu kila jioni kwa saa maalumu. Mwanamke asilale dikoni; aombe kwa sheha apelekwe karibu na nyumba ya mama mwenye familia. Tumewakuta wajane waliosema usiku wa kwanza ulikuwa mgumu na wa tatu walikuwa wameshapata shoga.

Mmoja akifariki safarini?

Mwambie sheha au imamu. Watu watakuja, na hutaachwa peke yako hata dakika. Lakini amueni kabla: azikwe hapo hapo au arudishwe kwao? Andikeni wasia, wekeni nakala kwa mtoto mkubwa, na kila mmoja ajue madeni ya mwenzake. Zungumzeni nyumbani, mkiwa wazima na mmeshiba.

Nitajuaje wakati wa kuacha kuendesha?

Dalili ya kwanza ni macho usiku: taa za gari linalokuja zikikupofusha, acha kuendesha baada ya magharibi. Ya pili ni kuchelewa kukanyaga breki, na mara nyingi mwenzako ataiona kabla yako, akisema, msikilize. Pimwa macho kila mwaka. Ukishindwa kuendesha, mkabidhi usukani mwanao au kijana wa familia kwa safari fupi, wewe ukae kiti cha pembeni na ujue njia. Kama hakuna wa kuendesha, uza gari likiwa bado linatembea, kwa mtu wa rika la miaka 60, na umpe na daftari lako la masheha.